Sahani ya Kijana Anayepiga Chuma

Swali ninaloulizwa zaidi na vijana ni la muda. "Shikamoo mwalimu. Eti nipige tizi masaa mangapi kwa siku ili nijae?" Anayeuliza huwa na miaka 15 au 16, sauti ndiyo kwanza imevunjika, mikono imerefuka kuliko mikono ya shati lake la shule. Kabla sijamjibu, nami humuuliza langu: jana ulikula nini, tangu ulipoamka mpaka ulipolala?

Mmoja wao nilikaa naye chini ya mwembe, pembeni ya uwanja, tukahesabu. Asubuhi alikunywa chai ya rangi na maandazi mawili. Mchana hakula, kwa sababu hela aliyokuwa nayo ilikuwa ya nauli. Saa kumi alinunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na chumvi, akaenda kupiga chuma masaa mawili na nusu. Usiku alikula ugali mkubwa kwa mchicha, akalala saa sita kasoro kwa ajili ya simu. Nilichukua kijiti nikaandika mchangani kiasi cha protini: maandazi gramu 5 hivi, mihogo gramu 2, ugali gramu 14, mchicha gramu 4. Jumla gramu 25. Yeye ana kilo 55, na anayejenga misuli kwa uzito huo anahitaji kati ya gramu 66 na 88 kwa siku. Aliziangalia zile namba kwa muda, kisha akasema, "Lakini mwalimu, nyumbani nyama ni Jumapili tu."

Nyama ya Jumapili haimzuii kijana yeyote kujaa. Kinachomzuia ni kwamba siku sita zilizobaki sahani yake ina wanga peke yake, na masaa mawili na nusu ya chuma yanachukua hata kile kidogo kilichomo.

Protini ndiyo malighafi ya msuli. Mazoezi huupa mwili amri ya kuongeza nyuzi na kuzinenepesha, lakini kazi yenyewe hufanyika baadaye, ukiwa umekula na umelala. Kipimo kinachomfaa kijana anayefanya mazoezi ya nguvu ni gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, kwa siku. Chukua uzito wako, zidisha, utapata kiasi chako. Ukila zaidi ya hapo misuli haitakua kwa kasi zaidi. Ziada huchomwa kama kuni au kugeuzwa mafuta.

Sasa tuingie jikoni. Yai moja lina gramu 6. Kikombe cha maharage yaliyoiva, gramu 15, na kunde, choroko na ndengu hazipishani nayo sana. Kikombe cha maziwa au mtindi, gramu 8. Karanga za kujaa kiganja, yaani gramu 30 hivi, zina gramu 7. Nyama ya ng'ombe iliyopikwa, kipande cha gramu 100, ina gramu 26.

Halafu kuna dagaa, ambao nawasemea kwa moyo wote kwa sababu wapo kila genge na vijana wengi wanawadharau. Dagaa wakavu wa gramu 100 wana protini kama gramu 60. Waliokauka hawana maji, kwa hiyo kiganja kimoja tu, gramu 25 hivi, kinakupa gramu 15. Tena huliwa wazima pamoja na mifupa yao, na mifupa hiyo ina madini mengi ya kalisi, ambayo kijana wa miaka 9 hadi 18 anahitaji miligramu 1,300 kwa siku, kiasi kikubwa kuliko cha mtu mzima wa miaka 30. Wachambue, waoshe mara mbili kuondoa mchanga, wakaange kwa kitunguu na nyanya, wakamulie ndimu mwishoni. Ndimu ina kazi mbili: inakata shombo, na vitamini C yake inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga unayokula nao. Wakenya wanawaita omena.

Na makande yaheshimiwe. Protini ya mahindi peke yake ina upungufu: haina vya kutosha baadhi ya vijenzi ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea, hasa kile kinachoitwa laisini. Maharage yana laisini kwa wingi, lakini yamepungukiwa na kijenzi kingine ambacho mahindi yanacho. Vikikutana kwenye chungu kimoja kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Makande ya Upareni na githeri ya Mlima Kenya ni chakula cha kujenga mwili, na mwanafunzi wa bweni anayelalamikia ugali na maharage kila siku anayo malighafi nzuri mbele yake, mradi maharage yawe mengi na si mchuzi tu wenye punje kumi.

Siku ya yule kijana tuliipanga upya bila kuongeza nyama. Asubuhi uji wa ulezi uliokorogwa na karanga za kusaga, na yai moja la kuchemsha: gramu 17. Saa nne chapati na kikombe cha mtindi: gramu 12. Mchana ugali na kikombe kizima cha maharage: gramu 27. Baada ya mazoezi ndizi mbivu na kikombe cha maziwa: gramu 9. Usiku wali, dagaa kiganja kimoja na mchicha: gramu 25. Jumla 90. Namba hizi ni za kukadiria, kwa sababu kikombe cha kwenu si kikombe cha kwetu, lakini unaona jinsi kitu kidogo katika kila mlo kinavyokufikisha. Mayai yakikosekana, ongeza maharage. Hela ya mchana isipokuwepo, beba karanga za kuchemsha kutoka nyumbani. Hazimwagiki na hazichachi kabla ya saa saba.

Mzazi anayesoma hapa, naomba nikusemeshe wewe kidogo. Mtoto wa kiume wa miaka 14 hadi 18 anayecheza na kufanya mazoezi anaweza kuhitaji kalori 2,400 hadi 3,200 kwa siku, sawa au zaidi ya baba yake anayekaa ofisini. Akirudi jikoni mara ya tatu si ulafi. Nishati isipotosha, mwili wake utaichoma ile protini kama kuni na misuli itakosa matofali. Wanga usifukuzwe kwenye sahani, kama wanavyoshauriana vijana siku hizi; ugali, wali, viazi vitamu, magimbi na ndizi ndizo zinazompa nguvu ya kunyanyua. Pwani njia rahisi ya kuongeza nishati ni tui la nazi kwenye maharage au wali. Bara ni nusu ya parachichi, au kijiko cha siagi ya karanga ndani ya uji. Chai iwe mbali na mlo, angalau saa moja, kwa sababu inazuia madini ya chuma ya kwenye mboga na maharage yasifyonzwe vizuri.

Saa moja, mara tatu kwa wiki

Sasa nijibu la muda. Dakika 45 hadi 60, siku tatu kwa wiki zisizofuatana. Kwa anayeanza, hata dakika 30 zinatosha kwa mwezi wa kwanza.

Vijana hawaniamini nikisema hivyo, kwa hiyo tupige hesabu. Chukua mazoezi sita, kila moja seti tatu. Hizo ni seti 18. Seti moja ya kumi kumi huchukua sekunde 40 hivi, na mapumziko baina ya seti ni dakika moja na nusu. Zidisha: dakika 39. Weka dakika 10 za mwanzo za kupasha mwili moto, kukimbia taratibu na kuzungusha mabega na nyonga, umefika dakika 49. Ndani ya muda huo umegusa miguu, kifua, mgongo, mabega na tumbo. Anayekaa jimu masaa mawili na nusu, mara nyingi ama anapumzika sana akiwa na simu mkononi, ama anarudia zoezi lile lile la mkono wa mbele seti kumi na mbili. Seti za kwanza chache ulizozifanya kwa bidii ndizo zinazoleta faida kubwa. Zinazofuata huongeza kidogo sana, na zile za mwisho kabisa unazifanya mgongo umeshapinda.

Hilo la mgongo nalijua. Nilipokuwa kidato cha tatu tulikuwa na chuma cha saruji nyuma ya nyumba: bomba la maji limepitishwa kwenye makopo mawili ya rangi ya lita nne, yakajazwa zege. Kopo moja la namna hiyo lina karibu kilo 10, kwa hiyo chuma chote kilizidi kilo 20, na upande mmoja ulikuwa mzito kuliko wa pili kwa sababu zege lilishindiliwa visivyo. Nilikinyanyua siku saba kwa wiki, nikijipinda kufuata ule upande mzito. Sikujaa. Nilichopata ni kiuno kilichoniuma hadi nikashindwa kukaa kwenye dawati vipindi viwili mfululizo, na kikachukua miezi kupona.

Ubaya wa chuma cha saruji ni kwamba hakipunguziki wala hakiongezeki. Ndiyo maana siku hizi nawaambia vijana watumie dumu. Lita moja ya maji ni kilo moja, hesabu haihitaji mizani. Dumu mbili za lita tano, moja kila mkono, zinakupa kuanzia karibu sufuri mpaka kilo 10, na unaweza kuongeza nusu lita nusu lita. Ukifika juu, badili maji kwa mchanga mkavu, utapata uzito wa zaidi ya mara moja na nusu katika dumu lile lile. Mfuniko ufungwe sawasawa, na mpini ukaguliwe kabla hujainua juu ya kichwa.

Kwa dumu hizo na tawi imara, au goli la uwanjani lililosimikwa vizuri, una kila unachohitaji. Chuchumaa na kuinuka ukiwa umezishika kifuani au pembeni, visigino vikiwa chini. Piga pushapu, zikikushinda chini, anza mikono ikiwa juu ya benchi. Jivute kwenye tawi. Kama huwezi hata mara moja, panda kwa kuruka kisha ushuke polepole kwa sekunde tano, hiyo ndiyo njia ya kufika. Inama mgongo ukiwa umenyooka, uzivute dumu hadi mbavuni. Zisukume juu ya kichwa. Mwisho jiegemeze kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao, sekunde 30. Seti mbili hadi tatu, mara 8 hadi 15. Unapoweza kufika 15 katika seti zote bila kupinda wala kuyumba, ongeza uzito kidogo, asilimia 5 hadi 10, usizidishe hapo. Mashindano ya nani ananyanyua uzito mkubwa kuliko wote mara moja yaache mpaka mwili umalize kukua. Na siku ya kujifunza zoezi jipya awepo mtu anayelijua, akutazame kwa pembeni, kwa sababu mgongo wako huwezi kujiona.

Anayecheza mpira kila jioni na timu, siku mbili za dumu zinamtosha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na angalau siku tatu kwa wiki ziwe na shughuli za kuimarisha misuli na mifupa. Kutembea haraka kwenda shule, kuruka kamba, kuchota maji, kabumbu, vyote vimo katika zile dakika 60.

Kuhusu kudumaa, ambako wazazi wengi wanakuhofia: kunyanyua uzito wa kiasi kwa mtindo sahihi hakumfupishi mtoto. Mifupa ya anayekua ina sehemu za gegedu karibu na ncha zake, na hapo ndipo inaporefukia. Sehemu hizo zinaweza kuumia kijana akiangukiwa na chuma au akijitwisha mzigo unaomzidi, kama zinavyoweza kuumia akianguka kutoka kwenye mwembe. Hofu iwe kwenye mzigo mkubwa na kukosa msimamizi.

Wengine wanajaa upesi, wengine la, na hili linawaumiza vijana kuliko wanavyokiri. Kabla ya balehe mtoto huongezeka nguvu bila kunenepa misuli, kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuziamsha nyuzi nyingi kwa pamoja. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi wakiwa na miaka 13 au 14, na misuli hufuata nyuma, takriban mwaka mmoja baadaye. Wasichana hutangulia, karibu miaka 11 au 12. Basi katika darasa moja unaweza kuwa na wavulana wawili wa miaka 14, mmoja ana ndevu na mwingine bado ana sauti ya kitoto, wanafanya mazoezi yale yale na wanakula chungu kimoja. Wa kwanza atajaa. Wa pili hajakosea chochote. Zamu yake haijafika.

Wasichana, dumu ni zenu pia. Hazitawageuza wanaume, kwa sababu homoni inayowapa wavulana misuli minene mnayo kwa kiasi kidogo sana. Mtapata mifupa imara na nguvu. Angalieni mambo mawili. Madini ya chuma: msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji miligramu 15 kwa siku, mvulana 11, na tofauti hiyo inatokana na hedhi. Maini, nyama, dagaa, maharage, mchicha na matembele ndivyo vya kukimbilia, na dawa za minyoo zikigawiwa shuleni msizikwepe, maana minyoo ya safura hunyonya damu ndani kwa ndani. La pili, hedhi ikikatika miezi mitatu tangu uanze mazoezi makali, mara nyingi ni dalili kwamba chakula hakitoshi. Zungumza na mama au shangazi, mwende kituo cha afya.

Usingizi ni masaa 8 hadi 10 kwa umri wa miaka 13 hadi 18. Homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi katika usingizi mzito wa usiku. Yule kijana wa chini ya mwembe alikuwa analala masaa sita.

Njia za mkato

Unga wa protini unaouzwa kwenye makopo si sumu kwa asili yake, ila kijiko chake kimoja cha gramu 24 za protini ni sawa na mayai manne, na mayai unayajua yametoka wapi. Kuna bidhaa ambazo lebo haisemi kila kilichomo. Kreatini nayo, madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri aliye chini ya miaka 18 asiitumie.

Sindano na vidonge vya homoni ndivyo vinavyonikosesha usingizi. Kwa kijana ambaye bado anarefuka, steroidi za kujaza misuli hufunga zile sehemu za ukuaji kabla ya wakati. Urefu alionao siku hiyo unaweza kuwa ndio wa maisha. Korodani husinyaa, matiti huota kwa mvulana, ini na moyo huumia, hasira hazizuiliki. Kuna pia vidonge vinavyouzwa kichochoroni kama vya kunenepa, na ndani yake huwamo deksamethasoni. Hiyo ni dawa halali ya hospitali kwa magonjwa yake, lakini anayeimeza ili ajae anapata uso uliovimba, huku misuli ikiyeyuka na mifupa ikidhoofika. Na ukishavizoea vidonge hivyo, kuviacha ghafla ni hatari. Mwone daktari akusaidie kuvipunguza, na mwambie ukweli.

Kuna siku za kutopiga tizi kabisa. Homa ni mojawapo, iwe malaria au nyingine. Mwenye selimundu au tatizo la moyo azungumze na kliniki yake kabla ya kuanza. Na ikiwa baada ya mazoezi makali misuli imevimba, inauma kupita kawaida, na mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Msuli uliovunjika kwa wingi unamwaga vitu vyake kwenye damu, na vinaweza kuziharibu figo.

Mwezi wa Ramadhani anayefunga asijilazimishe. Dakika 30 zilizopunguzwa makali, baada ya futari na kabla ya kulala, zinatosha kuitunza misuli aliyoipata. Daku iwe na yai, mtindi au kunde, isiwe chai na mkate tu, na maji yanywewe kidogo kidogo kuanzia futari.

Kupima maendeleo, usitegemee kioo. Azima futi ya fundi cherehani. Kila baada ya wiki mbili, asubuhi kabla ya kula, pima kifua, paja na mkono pale ulipo mnene, uandike kwenye daftari pamoja na uzito wako, lita ulizonyanyua na ulichokula siku hiyo. Nusu kilo kwa wiki mbili ni mwendo mzuri, na kilo moja ndiyo iwe mwisho. Zaidi ya hapo mengi ni mafuta. Kama wiki nne zimepita na namba zote zimesimama pale pale, usiongeze seti. Ongeza kikombe cha maharage mchana na ulale saa tatu, kisha pima tena baada ya wiki mbili.